Hasemi, Ila Anaumia: Maswali Yenu Kuhusu Maumivu ICU

Toleo lililopita niligusia tu, mistari miwili mitatu, kwamba mgonjwa wa ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) akigeuzwa kitandani anaumia kuliko tunavyodhani na kwamba sisi manesi inabidi tufundishwe kuyaona hayo maumivu. Jamani! Meseji zilizokuja sikuzitegemea, manesi, ndugu wa wagonjwa, mpaka daktari mmoja kaja na hasira zake. Basi leo ukurasa mzima ni huo huo, mwenye swali la vidonda vya kisukari anivumilie mpaka toleo lijalo.

SWALI: Shikamoo Mama Zamu. Mimi ni nesi, nimepewa kazi ya kuandaa mafunzo ya maumivu kwa wenzangu wa ICU, tuko 30 na kitu. Mwaka jana tulifanya semina ya siku 2, slaidi kibao, mwishoni mtihani na watu wakafaulu vizuri tu, vyeti vikatoka, picha ya pamoja tukapiga. Mwezi mmoja baadae napitia chati naona maumivu 0, 0, 0, 0 usiku mzima, na mgonjwa mwenyewe yuko kwenye ventileta (mashine ya kupumulia), ana mrija kifuani na mshono wa operesheni tumboni. Sasa nimeambiwa nirudie mafunzo na mimi sioni faida ya kurudia kile kile. Nilikosea wapi? (Mratibu Niliyechoka)

JIBU: Marahaba mwanangu. Hizo sifuri zako nazijua vizuri, nimeziandika mwenyewe miaka mingi tu. Sifuri ya ICU mara nyingi haimaanishi mgonjwa haumii, inamaanisha hajalalamika, na atalalamikaje wakati ana mrija kooni? Nesi anapita saa 8 usiku, pampu ya dripu inalia huku, kule majibu ya damu yanasubiriwa, anafika kwenye kile kisanduku cha maumivu, anamwangalia mgonjwa kalala, anaandika 0 anasonga mbele. Sio uvivu. Alifundishwa kuuliza "kutoka 0 mpaka 10 unaumia kiasi gani" na huyu hajibu, basi.

Mtihani wako ulipima kichwa na haukupima macho. Kuna dodoso moja linajulikana sana, la ujuzi na mitazamo ya manesi kuhusu maumivu, Betty Ferrell na Margo McCaffery walilitengeneza mwaka 1987, na wengi wanachukulia 80% ndo alama ya kufaulu. Ni zuri, tena litumie kabla ya mafunzo utajua nani anaamini nini, utashangaa, ila mtu anaweza kupata 90 mchana na usiku ule ule akaandika sifuri.

Kwa hiyo mimi ningekuwa wewe, darasa lingekuwa saa moja tu, saa moja na nusu ukizidisha, na yote yanayobaki ningeyahamishia kitandani kwa mgonjwa. Chagueni kipimo kimoja. Viwili vinavyoaminika zaidi kwa mtu mzima asiyeweza kusema ni BPS, ambacho Jean-François Payen na wenzake wa Ufaransa walikitoa mwaka 2001, na CPOT cha Céline Gélinas wa Canada, 2006. Msitumie vyote viwili kwa mpigo, mtachanganya watu bure. Tuseme mmechukua CPOT. Unaangalia vitu 4: uso, mwili unavyocheza, misuli imekakamaa kiasi gani, na mgonjwa anavyokubaliana na ventileta (kama mrija ushatolewa unasikiliza sauti yake badala ya ventileta). Kila kimoja 0 mpaka 2, jumla 8. Ikifika 3 chukulia anaumia.

Sasa mchezo wenyewe ni huu. Manesi wawili, mgonjwa mmoja, kila mtu na karatasi yake na hakuna kuchungulia. Mnasimama dakika 1 nzima mnamwangalia akiwa ametulia, na nasema dakika 1 ya saa kwelikweli, maana ukimwambia mtu "angalia" anaangalia sekunde 5 kisha anashika simu. Mnaandika. Halafu mnamgeuza, kama ni muda wake wa kugeuzwa, mnaandika tena. Misuli pima mwisho kabisa, kunja mkono wake taratibu na kuunyoosha, kwa sababu ukianza kumgusa ushamshtua na hayo mengine yote uliyotaka kuyaona yanaharibika. Kisha fungueni karatasi. Mmoja kaandika 1 mwingine 5? Hapo ndo mafunzo yanaanza! Wewe ulimuona nini usoni ambacho mimi sikukiona? Mara nyingi utakuta mmoja kahesabu ndita za paji la uso na mwingine kasema "huyu ndo sura yake". Au mgonjwa kaupeleka mkono polepole kwenye mshono, huyu kaona ni kujikinga, yule kaona anajikuna. Mabishano ya dakika 10 kama hayo yanafundisha kuliko slaidi zako zote, nisamehe lakini ndo ukweli. Wakishafika mahali wawili wowote wanapata namba zinazofanana au zinapishana kwa 1, hao washaiva, waongoze wengine kwenye zamu zao.

Halafu kuna hili ambalo semina nyingi zinaliruka, na mimi naona ndo kiini cha tatizo lako lote. Nesi akipata 5, anafanya nini? Kama jibu ni "ampigie daktari wa zamu" na daktari wa zamu akipigiwa saa 9 usiku anajibu kwa ukali "mpe parasetamoli tutaonana asubuhi", basi nesi wako sio mjinga, atajifunza haraka sana kwamba kuandika 5 ni kujitafutia maneno, maana 5 isiyofanyiwa kitu inabaki kwenye chati inamshtaki yeye. Sifuri haimshtaki mtu. Kwa hiyo kabla hujamwita nesi hata mmoja kwenye mafunzo, kaa na madaktari wenu na mfamasia, pateni utaratibu ulioandikwa na kusainiwa: CPOT ikiwa 3 au zaidi nesi aanze na nini, dozi gani, arudie baada ya muda gani, na ikifika wapi ndo lazima aite. Bila hiyo karatasi unafundisha watu kuhesabu tu.

Na kurudi kuangalia tena, hiyo nayo ifundishwe kwa saa ya ukutani. Fentanili, dawa kali ya maumivu kama morfini, ikipitia mshipani inaanza kazi ndani ya dakika 1 au 2. Morfini inachukua kama dakika 5 mpaka 10 kuanza, na kama 20 kufika kileleni. Sasa nesi anampa morfini na dakika hiyo hiyo anamgeuza mgonjwa, kisha anasema dawa haikusaidia! Dawa ilikuwa bado njiani.

Ukija kukagua chati usihesabu visanduku vilivyojazwa, hivyo vitajazwa tu. Chukua chati 10 za wiki hiyo, tafuta kila sehemu palipoandikwa 3 au zaidi, angalia ndani ya nusu saa nini kilifanyika na kama kuna mtu alirudi kupima. Hiyo ndo namba ya kubandika ukutani, na irudie baada ya miezi 3, maana mafunzo yanachuja kama kitambaa na manesi wanahama.

SWALI: Mama Zamu habari za kazi. Mimi niko ICU mwaka wa pili. Mgonjwa kawekewa midazolamu na propofoli, amelala fofofo hata ukimwita hashtuki, mapigo ya moyo 80, presha nzuri kabisa. Kwenye raundi sista mmoja mkubwa anasema apewe na fentanili ya maumivu. Kwani mtu aliyelazwa usingizi anaumia? Na kama anaumia si mapigo yangepanda? (Zamu ya Usiku)

JIBU: Nzuri tu mwanangu, na swali lako naomba usione aibu nalo kwa sababu ukiuliza manesi 10 kwa siri nusu wanawaza kama wewe, wanaogopa kusema tu.

Midazolamu na propofoli ni dawa za usingizi. Sio dawa za maumivu. Zinamfanya asikuonyeshe, na kutokuonyesha hakuna uhusiano na kutosikia. Ndo maana siku hizi utaratibu unaopendekezwa, ukiwemo mwongozo mkubwa wa maumivu na usingizi ICU uliotolewa 2018 na chama cha Marekani cha wataalamu wa wagonjwa mahututi, ni maumivu kwanza usingizi baadae. Unatibu maumivu, halafu ukiona bado hatulii ndo unaongeza cha kumlaza, na wengi utakuta wala hawahitaji kulazwa sana hivyo.

Mapigo na presha. Aisee hapa ndo tunapodanganyika. Mgonjwa wa ICU ana dawa za kupandisha presha, ana dawa za kushusha mapigo, ana homa, ana damu pungufu, moyo wenyewe labda mgonjwa, sasa hiyo namba ya kwenye monita inakusimulia habari 10 kwa wakati mmoja na wewe unataka ikuambie moja tu. Mwongozo huo huo unasema wazi kwamba mapigo, presha na kupumua peke yake visitumike kuamua kama mtu anaumia. Vikibadilika ni kengele ya kukuambia nenda kapime vizuri. Na visipobadilika havikuhakikishii kitu chochote.

Nikupe kisa changu, na sijivunii nacho. Nilikuwa na mgonjwa mmoja, kwenye hospitali ambayo siitaji, alikuwa anarusha miguu, anapigana na ventileta, alamu zinalia wodi nzima. Nikaomba aongezewe usingizi, tukamuongezea, akatulia, mimi nikanywa maji yangu nikajiona fundi. Saa 4 baadae mwenzangu wa zamu ya asubuhi anafunua shuka anakuta mpira wa mkojo umejikunja chini ya paja, kibofu kimejaa kimekuwa kama mpira wa miguu. Saa 4! Mtu ana kibofu kinataka kupasuka na mimi nimemfunga mdomo kwa dawa. Kwa hiyo nikiwafundisha watu sasa hivi naanza hapo: kabla ya dawa yoyote funua shuka, fuata kila mrija kutoka mwilini mpaka mwisho wake, angalia kalalia nini, kidonda kimevimba, mguu umekuwa baridi, tumbo limekuwa gumu. Maumivu mapya mara nyingine ndo dalili ya kwanza ya jambo baya na ukiyalaza tu umejifunga macho mwenyewe.

Kuna kundi jingine ambalo hutaliona kabisa kwa macho, wale waliopewa dawa ya kulegeza misuli. Hao hawakunji uso, hawasogezi kidole, CPOT itatoka 0 hata ukimchoma sindano 20, kwa hiyo kipimo hapo hakifanyi kazi na huyo sista wako yuko sahihi mara 100 kwa mgonjwa kama huyo. Unachukulia kwamba anaumia. Ana mshono, ana mirija, angekuwa macho ungempa dawa, basi mpe. Hivyo hivyo na aliyelala kiasi kwamba hata ukimgusa hajibu, kama huyo wako.

Chama cha kimataifa cha wanaochunguza maumivu kilipopitia upya maana ya neno maumivu mwaka 2020 kiliweka wazi kwamba mtu kushindwa kusema hakuondoi uwezekano kwamba anaumia. Utasema, kwani hilo si kila mtu analijua? Hapana. Mpaka miaka ya 1980 watoto wachanga walikuwa wanapasuliwa kwa dawa kidogo sana ya maumivu au bila kabisa, na waliofanya hivyo walikuwa wasomi na watu wazuri, waliamini tu kwamba kichanga hasikii vile. Mwaka 1987 Anand na wenzake wakaonyesha kwamba vichanga njiti waliopewa fentanili wakati wa operesheni walihimili vizuri zaidi kuliko wasiopewa. Mtoto alikuwa analia muda wote, ila kilio kikaitwa refleksi, yaani mwili unajibu wenyewe tu.

SWALI: Hivi tukimwaga morfini kila saa si tunatengeneza mateja? (Nauliza Tu)

JIBU: Swali fupi nami nijibu fupi. Mgonjwa anayepewa morfini kwa sababu ana mrija kifuani, siku 3, kwa kipimo, humtengenezi kuwa teja. Kinachotokea, na hiki ndo cha kufundishwa, ni mwili kuzoea: akikaa kwenye dripu ya opioidi (dawa za jamii ya morfini na fentanili) siku nyingi halafu mtu akaizima ghafla asubuhi moja kwa sababu "leo anatoa mrija", utamuona anatoka jasho, anahara, anatetemeka, mapigo juu, na watu watasema kachanganyikiwa. Punguza taratibu kwa mpango ulioandikwa. Huko kuzoea kwa mwili na uteja sio kitu kimoja, na nesi anayevichanganya ndo anayempa mgonjwa nusu dozi "kwa usalama".

Cha kuogopa kwelikweli ni kupumua kwa yule ambaye hayuko kwenye ventileta, na figo. Morfini ikichakatwa mwilini inaacha mabaki yenye nguvu ambayo figo ndo inayatoa, sasa figo ikiwa imelala yanajikusanya na mgonjwa anazama usingizini polepole bila mtu kuelewa kwa nini. Kwa huyo fentanili ni salama zaidi. Naloksoni, dawa ya kuzima nguvu ya opioidi, iwe karibu na kila mtu ajue iko droo ipi, sio mpaka aulize.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi sio nesi. Baba yangu yuko ICU wiki ya 2 sasa, haongei ana mashine. Kila wakimgeuza anakunja uso na machozi yanamtoka, nikamwambia nesi akanijibu ni kawaida tu mwili unajibu wenyewe, hasikii. Mimi namjua baba yangu, ile ndo sura yake ya maumivu ya mgongo tangu niko mdogo. Niendelee kusema au nitaonekana msumbufu halafu wamchukie? (Binti wa Kwanza)

JIBU: Marahaba binti yangu, pole sana na uguza vizuri.

Endelea kusema. Wewe umeshika kitu ambacho sisi hatuna, unaijua sura yake alipokuwa mzima. Kwenye mafunzo mazuri nesi anafundishwa kumuuliza ndugu makusudi: "Akiumia nyumbani huwa anafanyaje? Ananyamaza, anauma meno, anashika nini?" Mgonjwa mwenyewe asipoweza kusema, na ndugu yuko karibu, neno lake linaingia kwenye tathmini. Na hilo la mgongo waambie hasa, kwa sababu kwenye faili labda imeandikwa nimonia tu, hakuna mtu anajua kwamba huyu mzee ana mgongo wa miaka 20 na tunamlaza chali masaa yote.

Kuhusu kugeuzwa wala hujakosea. Utafiti mmoja mkubwa wa Marekani uliotoka 2001, uliongozwa na nesi mtafiti Kathleen Puntillo, uliwauliza wagonjwa zaidi ya 6,000 kuhusu vitu 6 tunavyowafanyia, kufyonza makohozi, kubadilisha bandeji, kutoa mirija ya kidonda na kadhalika, na kwa watu wazima kilichouma kuliko vyote kilikuwa kugeuzwa kitandani. Kugeuzwa! Kitu tunachokifanya kila saa 2 huku tunapiga stori na mwenzetu wa upande wa pili wa kitanda. Baadae, 2014, ukaja mwingine uliohusisha nchi 28, huo ukakuta kutoa mrija wa kifuani, kutoa mrija wa kwenye kidonda na kuchoma mshipa wa ateri kuweka mrija ndo vinaongoza kwa kuuma. Kwa hiyo nesi akikwambia ni kawaida, ni kweli ni kawaida, maumivu hayo ni ya kawaida na yanatibika.

Namna ya kusema: usianze na lawama. Muombe nesi "sista, kabla hamjamgeuza inawezekana akapewa kitu cha maumivu kwanza, tusubiri kidogo ndo ageuzwe?" Hilo ombi ni la kitaalamu kabisa na sioni nesi atakayelikataa kwa sababu ya maana. Muombe pia usimame kichwani umshike mkono baba na umwambie kabla "baba tunakugeuza sasa". Nesi wenyewe tunatakiwa tuseme hivyo hata kwa mtu aliyelala. Wakikupuuza mara ya pili muone inchaji wa wodi, mchana, kwa utulivu.

SWALI: Mwandishi, mimi ni daktari. Unatuletea makaratasi. Wamarekani walifanya maumivu kuwa "ishara muhimu ya tano", kila mtu akapimwa, kila mtu akapewa opioidi, mwisho wa siku tunajua yaliyowakuta. Sasa unataka manesi wafundishwe kukimbizana na namba? (Daktari wa Zamu)

JIBU: Daktari heshima yako. Nusu ya unachosema nakubaliana nacho, na naona ni vizuri umekisema kwa sauti.

Ni kweli kampeni hiyo ilianza miaka ya 1990, na 2001 chombo kinachokagua hospitali za Marekani kikaweka masharti ya kupima maumivu kwa kila mgonjwa, na lawama zikaja baadae mpaka masharti yenyewe yakaandikwa upya, mapya yakaanza kutumika Januari 2018. Sio hilo peke yake lililoleta janga la opioidi, kulikuwa na kampuni za dawa na mengine mengi, ila somo lipo: namba ikigeuzwa kuwa amri ya dozi inaua.

Lakini hapo tunaongelea mtu anayetembea, anayekwenda nyumbani na chupa ya vidonge. Mgonjwa wa ICU ana mtu pembeni yake masaa 24, dozi inapimwa kwa miligramu na kwa dakika, na shida yetu huku haijawahi kuwa kumpa kila mtu, shida ni kwamba tunampa usingizi mwingi aliye kimya na hatumpi kitu anayeumia. Na kupima vizuri kunapunguza dawa pia, hilo linasahaulika. Nesi aliyefundishwa anaweza kukwambia "daktari, CPOT yake ni 0 tangu jana, hata nikimgeuza ni 1, tupunguze dripu". Yule asiyepima ataiacha dripu palepale siku 5 kwa kuogopa kuigusa.

Wala sio opioidi tu. Mafunzo yanayoishia kwenye morfini ni nusu mafunzo. Parasetamoli inayotolewa kwa ratiba iliyopangwa inapunguza hitaji la opioidi, ketamini ya dozi ndogo kwa aliyetoka operesheni, gabapentini kwa maumivu ya mishipa ya fahamu, yale ya kuwaka moto na shoti za umeme ambayo morfini inayashindwa. Halafu vitu vya bure: barafu iliyofungwa kwenye kitambaa ikawekwa pembeni ya mrija wa kifuani kabla ya kuutoa, muziki anaoupenda yeye (sio anaoupenda nesi, nimeona hayo), kumkanda, kumuweka mkao mzuri. Barafu, muziki na kumkanda mwongozo wa 2018 unavitaja pia, sio mambo ya mitaani.

Na daktari, nikikuuliza kwa upole, simu ya saa 9 usiku unaipokeaje?

SWALI: Mama naomba kujua haraka, mgonjwa aliyeumia kichwa tunampima kwa kipimo hicho hicho? Halafu mimi ni mwanafunzi, nianze kujifunza BPS au CPOT? (Mwanafunzi wa Uuguzi)

JIBU: Aliyeumia ubongo anaweza asikunje uso kama wengine. Akiumia unaweza kuona tu anafumbua macho ghafla, machozi, uso unakuwa mwekundu, au mkono unajikunja. Vipimo vinasaidia ila usitegemee ndita za uso peke yake, na linganisha anavyokuwa kimya na anavyokuwa ukimfanyia kitu kinachojulikana kuuma, tofauti ya hapo ndo inayokupa habari.

BPS au CPOT, anza na kile kinachotumika wodi unayoenda kufanyia mazoezi, ukikijua kimoja cha pili utakijua kwa siku moja. Ila hesabu zao hazifanani hata kidogo. BPS ina vitu 3, uso, mikono na ventileta, kila kimoja kinaanza 1 kinaishia 4, kwa hiyo jumla ni kuanzia 3 mpaka 12 na ikizidi 5 ndo unashtuka. Maana yake BPS haina sifuri! Ukikuta chati ya BPS imeandikwa 0 jua aliyeandika hakumwangalia mgonjwa. Na kama mgonjwa anaweza kujibu, hata kwa kukubali kwa kichwa au kuonyesha kidole kwenye karatasi yenye mstari wa 0 mpaka 10 ulioandikwa kwa herufi kubwa, achana na vyote viwili, muulize mwenyewe. Tunawahi sana kudhani mtu wa ventileta hawezi kujibu, kumbe hajavalishwa miwani yake tu.

Wiki hii mtafute mwanafunzi mwenzako, fanyeni ule mchezo wa karatasi mbili niliomweleza Mratibu pale juu, halafu niandikie wewe umepata ngapi na yeye kapata ngapi.